GESI YA GARI HAILIWI NA DEREVA



Kila mwaka joto linapopanda, mwezi wa Februari na Machi, na tena Septemba na Oktoba kabla ya mvua, tawi letu hupata malalamiko ya namna moja kutoka kwa madereva wa Kitui na Makueni. Gari lina kiyoyozi, yaani AC kama tunavyoiita sote, lakini kinapuliza hewa ya moto. Dereva akimwarifu tajiri, hujibiwa kwamba gesi ilitiwa juzi tu, na kama imekwisha basi yeye ndiye aliyeimaliza kwa kuiwasha kutwa. Mwisho wa mwezi dereva huyo akihesabu mshahara wake hukuta shilingi 3,500 hazimo. Akiuliza, huambiwa: "Hiyo ni ya gesi uliyokula."

Twataka kusema neno moja juu ya jambo hili, na kulisema wazi. Gesi ya AC hailiwi. Si petroli, si dizeli, wala si mkaa. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ile iliyotiwa kiwandani ndiyo inayotakiwa kuwamo miaka mingi baadaye. Kweli, mipira na sili hupenyeza kidogo sana mwaka baada ya mwaka. Lakini gesi inayokwisha kwa miezi miwili haikupenya, imevuja, na ikivuja kuna tundu. Tundu ni la gari, na gari lina mwenyewe.

Mtambo huu si mgumu kufahamu. Ubavuni mwa injini kuna kompresa, nayo ni pampu inayozungushwa na mkanda. Kompresa hukandamiza gesi mpaka iwe moto, halafu huipeleka kwenye kondensa, ile iliyo kama rejeta nyembamba mbele ya rejeta ya maji. Hapo upepo huipoza gesi mpaka igeuke majimaji. Majimaji hayo hupita katika kitundu chembamba, presha huanguka ghafula, nayo huchemka na kuwa gesi tena ndani ya evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Kitu kinachochemka huvuta joto. Joto linalovutwa hapo ni la kebini, na feni humpulizia dereva hewa iliyopoa. Gesi hurudi kwenye kompresa na safari huanza upya. Hakuna mahali po pote katika safari hiyo ambapo gesi huchomwa au kutolewa nje kwa ekzosi. Tajiri asiyeamini na amwulize fundi ye yote mwenye cheti.

Wako wanaotwambia kwamba AC ni anasa. Husema baba zetu waliendesha malori ya Bedford madirisha wazi, wakafika. Ndiyo, walifika, na wengi wao walifika na vifua vibovu kwa vumbi. Lakini tuache ya wazee. Barabara ya kutoka Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo hadi Kitui sasa ni lami, lakini ukiiacha hatua chache tu uko katika vumbi jekundu, na dereva ana mambo mawili ya kuchagua: afunge dirisha achemke, au afungue dirisha ale mchanga. Gari lililofungwa juani Mtito Andei au Tseikuru kwa saa moja huwa na joto linalozidi la nje kwa digrii 20 na zaidi. Mtu aliyekaa humo tangu asubuhi akili yake haiko sawa na ya mtu aliyekaa kivulini. Huchelewa kuona, huchelewa kukanyaga breki, na nyuma yake kuna abiria kumi na wanne.

Tena AC si ya joto peke yake. Hewa inayopita katika evaporeta huacha maji yake huko, hutoka ikiwa kavu. Kwa hiyo mvua ya Novemba inapopiga na kioo cha mbele kikafunga ukungu kwa pumzi za abiria, AC ndiyo inayokisafisha kwa dakika moja au mbili. Waulizeni wanaopanda vilima vya Mbooni na Kilungu alfajiri, ambako hakuna joto la kulalamikia. Dereva anayefuta kioo kwa kitambaa huku mkono mmoja uko kwenye usukani, katika kona zile, hana anasa yo yote. Tunasema AC ni chombo cha kazi kama waipa na taa.

Sasa na sisi madereva tuna sehemu yetu. Tumezoea kusema, "AC imekufa," basi. Maneno hayo hayamsaidii fundi, na humpa tajiri nafasi ya kujibu, "Mwekee gesi." Dereva ndiye anayekaa na gari kutwa. Akisema lini baridi inakuja na lini inakwenda, nusu ya kazi imekwisha kufanywa, na mara nyingi haina haja ya gesi hata kidogo.

Tuanze na ile inayokula fedha za bure kuliko zote. Gari likiwa mwendoni AC inapoza vizuri, lakini likisimama, kwenye foleni ya mizani Mlolongo au pale Emali, baridi inakwisha; likiondoka inarudi. Gesi iko. Kinachokosekana ni upepo juu ya kondensa. Ama feni ya umeme haizunguki, ama kondensa imezibwa. Kwetu huku huzibwa na vumbi, na mvua ikinyesha kumbikumbi hujaa humo tele. Dawa yake ni maji ya mpira wa kawaida, injini ikiwa imepoa, yakimwagwa polepole. Si mashine ya nguvu ya kuoshea magari, kwani ile hulaza mapezi membamba ya kondensa na kuifunga kabisa. Feni nayo itazamwe fyuzi yake na relei yake kabla ya kununua nyingine. Twajua gari moja la abiria lililotiwa gesi mara tatu katika mwaka mmoja, nalo kosa lake lilikuwa waya wa feni uliokatika.

Ya pili ni ile inayoanza vizuri na kuchoka njiani. Umetoka Wote na baridi safi, baada ya saa moja hakuna kitu. Unapumzika Makindu, unakunywa chai pale kwenye hekalu la Masingasinga, ukiwasha tena baridi imerudi. Hapa dereva aangalie upepo wenyewe. Ikiwa upepo unaotoka umepungua nguvu, evaporeta imeganda barafu, na pengine sababu ni filta ya kebini iliyojaa vumbi, ile inayokaa nyuma ya kijaluba cha dashibodi katika magari mengi. Ivute uitazame. Tumeona nyingine zimekuwa kama tofali. Lakini ikiwa upepo ni ule ule wenye nguvu ila ni wa joto, basi ama klachi ya kompresa inaachia ikipata moto, ama kuna maji ndani ya mabomba. Tone la maji likifika kwenye kile kitundu chembamba huganda na kukiziba. Gari likipumzika huyeyuka. Maji hayo yaliingia siku fundi alipofungua mabomba na kutia gesi bila kufyonza hewa kwanza.

Ikiwa haipozi kabisa, tangu kuwasha, inamisha sikio. Katika magari mengi ya kawaida, Probox na nyingi za HiAce, ukibonyeza swichi utasikia "tak" mbele ya injini, na uso wa kompresa utaanza kuzunguka pamoja na puli. Usiposikia, tazama fyuzi na mkanda kwanza, vitu vya bei ndogo. Baada ya hapo ni relei, waya wa klachi, au swichi ya presha, ambayo huzuia kompresa isifanye kazi gesi ikiwa ndogo mno, ili isijiue kwa kukosa oili. Magari mengine ya siku hizi kompresa zao hazina klachi hiyo wala hazilii, basi dereva asimlaumu fundi kwamba hakusikia kitu. Na ukiwa mlimani na injini imepanda moto, magari mengine hujizimia AC yenyewe. Huo si ubovu wa AC. Tazama maji ya rejeta.

Sasa tundu. Baridi inayopungua wiki kwa wiki, pole pole, ndiyo dalili yake. Gesi inapotoka hutoka na oili kidogo, na vumbi letu la Ukambani, lililo adui wa kila kitu kingine, hapa ni rafiki: hunata penye oili. Fungua boneti utafute kwenye viungo vya mabomba, kwenye mdomo wa kompresa, na pembeni mwa kondensa, uone mahali palipo na uchafu mweusi wenye mafuta wakati pengine pote ni vumbi kavu. Fundi atapaka povu la sabuni hapo aone mapovu. Tundu likiwa ndani ya evaporeta halionekani kwa macho, na hapo hutumiwa rangi inayong'aa kwa taa ya zambarau, au naitrojeni. Asitumie oksijeni kamwe kupimia. Oksijeni na oili vikikutana kwa presha hulipuka.

Sili ya kompresa hukauka na kuvuja kama AC haiwashwi. Kwa sababu hiyo hata Julai, Kitui ikiwa baridi, AC iwashwe dakika kumi kila wiki. Wako matajiri wanaokata waya wa AC ili dereva asiiwashe wala kuongeza dizeli. Wanaokoa senti za dizeli na kuua kompresa.

Mengine kwa ufupi. Maji yanayodondoka chini ya gari ni ya kawaida, nayo ni mengi zaidi ukiwa Mombasa kuliko Mwingi kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu. Yakimwagika miguuni mwa abiria, mpira wa kutolea maji umeziba. Harufu ya ukungu ni evaporeta chafu. Mkanda unaolia ukaguliwe. Lakini kompresa inayokwaruza kama inasaga mawe izimwe hapo hapo, maana vipande vyake vya chuma husambaa katika mabomba yote, na hapo kubadili kompresa peke yake ni kuitupa ile mpya vile vile. Lazima mabomba yasafishwe na draya ibadilishwe.

Sasa twageukia ndugu zetu mafundi, na tunawageukia kama ndugu, kwani wengi wao ni wanachama au walikuwa madereva. Twajua kwamba fundi wa jua kali haletewi gari akaambiwa, "Tafuta kosa." Huambiwa, "Weka gesi, na upesi." Akisema anataka kutwa nzima atafute tundu, gari huondoka likaenda kwa jirani. Hata hivyo kuna mambo ambayo hakuna haraka inayoyahalalisha.

La kwanza ni kujaza kwa kukisia. Chini ya boneti kuna karatasi ya kiwanda inayosema gari linataka gesi namna gani na gramu ngapi. Gari dogo mara nyingi ni kama gramu 400 mpaka 600. Gesi ikizidi, baridi hupungua vile vile kama ikipunguka, na kompresa huumia zaidi. Geji nayo isomwe kwa akili. Injini ikiwa imezimwa, pande zote mbili zikionyesha kama psi 90 kwenye joto la digrii 28, hiyo haisemi kwamba gesi imetosha. Inasema tu kwamba iko majimaji kidogo humo ndani, iwe gramu mia moja au mia tano. Ni mizani ya kupimia uzito inayosema kweli. Na kabla ya kutia, hewa na unyevu vifyonzwe kwa pampu nusu saa au zaidi. Pampu ni ghali kwa fundi mmoja. Kwa mafundi kumi wa soko moja walio katika chama cha akiba na mikopo si ghali. Wote, Kitui na Mwingi wangeweza kila moja kuwa na yake.

La pili ni gesi ya kupikia. Tumesikia, na wengine wetu wameona, mtungi wa jikoni ukiunganishwa na bomba la AC kwa sababu ni rahisi na baridi inapatikana. Ndiyo, inapatikana. Hata majokofu ya nyumbani ya siku hizi mengine hutumia gesi ya jamii hiyo, lakini ni gramu chache, katika chombo kilichoundwa kwa ajili yake, kisichogongana na lori. Evaporeta ya gari iko ndani ya kebini pamoja na watu. Ikitoboka, gesi inayowaka hujaa pale pale alipo dereva, karibu na swichi, na sigara ya abiria. Dereva akijua gari lake limetiwa gesi hiyo, na aandike na asilipeleke barabarani.

Gesi ya bandia ni ya tatu. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na watu watatu wakafa, wawili Vietnam na mmoja Brazil, kwa kuwa mitambo yake ilitiwa gesi iliyoandikwa R-134a kumbe imechanganywa na nyingine inayokula aluminiamu na kuacha kitu kinachowaka kikikutana na hewa. Wenzetu wanaovuta makontena ya baridi kwenye barabara ya Mombasa wanapita na mitambo ya namna ile ile kila usiku. Mtungi wa bei ya ajabu, usio na jina la kiwanda linaloeleweka, usiguswe.

Wala gesi ya zamani isifunguliwe hewani ikapiga kelele na kwisha, kama tulivyozoea. R-12 iliyotumika katika magari ya zamani ilikuwa ikiharibu tabaka la ozoni, na Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 ndiyo yaliyoiondoa. R-134a iliyoshika nafasi yake haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake hutia dunia joto kama kilo 1,400 hivi za kaboni dayoksaidi, na kwa hiyo mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 yakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo. Sisi watu wa nchi kavu hatuna haja ya kuongeza jua. Tena majimaji ya gesi hii huchemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri. Yakikurukia jichoni yatakuunguza kwa baridi. Fundi na avae miwani.

Turudi kwa tajiri na zile shilingi 3,500. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa kusudi. Sili iliyozeeka si kusudi la dereva. Kumbikumbi si kusudi la dereva. Bomba lililochakaa kwa mawe ya njia ya Kathonzweni si kusudi la dereva. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri aweke vyombo vya kazi katika hali isiyomdhuru mfanya kazi. Inaposema mahali pa kazi haisemi kiwanda peke yake. Kebini ndiyo kiwanda chetu.

Hatusemi kila gari lisimame siku AC inapokosa baridi. Tungesema hivyo, nusu ya Makueni ingekwenda kwa miguu, na wenye kuumia wangekuwa sisi. Twasema kosa liandikwe katika daftari la gari siku lilipoonekana, kwa maneno kamili: limesimama au linakwenda, asubuhi au mchana, upepo mwingi au kidogo, kuna mlio au hakuna. Twasema fundi atafute tundu kabla ya kutia gesi, na risiti yake iandike tundu lilikuwa wapi na gramu ngapi zimetiwa. Risiti isiyo na mambo hayo mawili hatuitambui kuwa ya matengenezo. Na twasema makato ya gesi yakome, na yaliyokwisha kukatwa yarudishwe.

Tajiri mwenye hesabu ataona kwamba twampunguzia gharama. Kujaza mara nne kwa mwaka kwa shilingi 3,500 ni shilingi 14,000, na tundu bado liko pale pale. Sili moja haifiki huko.

Mwanachama ye yote aliyekatwa fedha za gesi tangu Januari alete karatasi ya mshahara kwa mwakilishi wa tawi, aliye Kitui apeleke Kitui, wa Mwingi hapo hapo Mwingi, na wa Makueni yote Wote au Makindu. Mwenye risiti ya fundi aiambatanishe, hata ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya boksi la fyuzi. Asiyepewa karatasi ya mshahara aje vile vile, aseme tarehe na kiasi, nasi tutaandika.